Valeria, Jumamosi Unapimwa

Ni mwaka mmoja sasa tangu presha ikuchukue ghafla, dada yetu Valeria, na hapa nyumbani Mwamanyili hakuna aliyekaa kitako. Wanaosema mwaka unatosha machozi kukauka hawajafika kwetu. Mwaka mzima Mama akiketi, anainuka. Akiinuka, anakwenda mpaka barabarani, anaangalia upande wa Bariadi, anarudi. Ukimuuliza anatafuta nini, anasema, "Ng'wana wane hajapimwa." Mwanangu hajapimwa. Asubuhi hivyo, jioni hivyo, mpaka na mimi mdogo wako Domitila nimeambukizwa. Hata haya nayaandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo.

Lakini kukaa hata wewe hukukuweza. Ulikula umesimama, uliswaki ukizunguka nyumba, ulisuka nywele nusu kichwa ukaondoka. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akisema huyu mtoto alizaliwa juu ya siafu.

Uigizaji hukufundishwa na mtu. Msimu wa pamba tulikuwa tukipeleka marobota kwenye mizani, na wewe mdogo vile ulisimama pembeni ukamtazama karani anavyokunja uso, anavyolamba kidole, anavyosema "toa kilo za unyevu" kama padri anayetoa baraka. Jioni ulituigizia uani. Mama alicheka mpaka akaacha ugali ukaungua, halafu akakuchapa kwa sababu ya ugali. Ulilia na kuigiza unavyolia, tukacheka tena.

Ndipo akazaliwa Kwandu, yule mama mkulima uliyemwigiza redioni, asiyekubali mizani ya mtu yeyote. Wasikilizaji wa Bariadi, Kiloleli, Busega yote wanamjua. "Pima tena, kijana! Pamba yangu nimeichuma mwenyewe, na macho ninayo!" Watoto walilisema neno hilo shuleni wakipewa maksi. Wateja walilisema buchani. Ukipita sokoni watu walikuita Kwandu, na wewe uliitika, ukawapima kwa macho, ukasema huyu amepungua, mkewe aulizwe.

Na wote wanamjua mwenzako wa kipindi, Gregory, afisa mifugo, Mzaramo wa Kisarawe aliyepangiwa kazi huku kwetu. Alikuja redioni kutangaza chanjo ya mbuzi tu, maskini. Wewe ulikuwa umekaa pale unangoja zamu yako. Uliposikia kabila lake, watani wetu hao, ukadakia: "Mzaramo na mifugo wapi na wapi? Huyu atatuchanjia minazi!" Naye hakuchelewa: "Msukuma, meza kwanza michembe iliyokukwama, ndipo useme." Fundi mitambo akaacha kipaza sauti wazi, mkoa mzima ukasikia. Viazi vyetu vikavu havijawahi kutukanwa hivyo. Kuanzia siku hiyo mkawa wawili, na kwa kuwa hukutulia mbele ya kipaza sauti, yeye ndiye aliyebuni kufunga ncha ya kitenge chako kwenye mguu wa kiti. Ulikuwa ukiondoka na kiti.

Dar es Salaam wakakusikia, wakakuita kwenye filamu. Na hao nao! Kila filamu wewe ni msichana wa kazi kutoka usukumani, kila filamu uanguke kwenye matope. Ulimwambia yule mwongozaji, "Nitaanguka mara moja tu, lakini nitaanguka vizuri." Ukaanguka. Kwenye banda la video Kiloleli watu waliomba irudishwe nyuma waione tena, wakasahau na filamu yenyewe. Halafu ukapanda basi ukarudi kuchuma pamba, kwa sababu msimu haungoji msanii.

Ninachokipenda zaidi sikukisikia redioni. Ni ile siku mjane jirani yetu alipopunjwa na karani mmoja, akawa anafunga tu kanga aondoke. Ulikuja umevaa gauni la Kwandu, na kilemba, ukajipanga nyuma yake kwenye foleni bila pamba hata kidogo, ukasimama unamtazama karani. Hukusema kitu. Watu wakaanza kucheka mmoja mmoja, karani akatokwa na jasho, akalirudisha robota kwenye mizani mwenyewe. Ulikuwa hivyo, dada. Ulichekesha mpaka haki ikaona aibu kujificha.

Sasa niseme la msiba, maana wewe hukuliona, na ndilo linalotunyima raha.

Wageni walikuja wengi. Wasanii wenye miwani myeusi, kamera, viongozi. Kaka yetu Mayige, mwalimu mkuu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, akatangaza kwamba msiba una wageni wa heshima na upuuzi hautakiwi. Mimi nilimwambia, "Kaka, watani je?" Akasema watani watangoja. Heshima gani, jamani! Tangu mababu, Msukuma na Mzaramo huibiana nyama harusini, na msibani mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya fujo. Huvaa nguo za marehemu, hulala mlangoni mwa kaburi, hutukana, mpaka wafiwa wacheke na kumpa chochote. Hapo ndipo mtu anazikwa sawasawa. Nani asiyejua?

Gregory akaja amevaa gauni lako la Kwandu na kilemba chako, mizani ya kuning'iniza iko shingoni. Akajilaza kwenye mdomo wa kaburi. "Hazikwi mtu hapa! Huyu amekula michembe ya mkoa mzima, hazikwi mpaka apimwe!" Mama alikuwa ameanza kutabasamu, nilimwona kwa macho yangu. Mara Mayige akaashiria, vijana wawili wakamshika mtani mikono, wakamburuta. Mkono wa gauni ukachanika. Wale wageni walidhani ni kichaa. Tukakuzika kimya, wewe, Valeria, kimya kama benki.

Gregory aliondoka bila kula. Baadaye akahamishiwa Kimali, kule Meatu, na kipindi kikafa. Mayige alimpigia simu kuomba radhi, Gregory akajibu, "Shikamoo kaka. Nimeelewa. Poleni sana." Mama aliposikia kwamba mtani ameamkia kwa adabu, alishika kichwa kwa mikono miwili. Mtani akikwambia shikamoo, ujue utani umekufa. Ndipo akaanza kwenda barabarani kumtazamia.

Kila mwezi tulimsihi Mayige aende mwenyewe. Anasema ana mitihani, ana wakaguzi. Mpaka Mama akamwambia mbele ya ukoo wote, "Mtani haombwi radhi kwa simu, baba. Mtani anapelekewa mtu wa kumtukana. Wewe ulimburuta, nenda ukatukanwe." Na Mayige, dada, unamjua. Maishani mwake hajatukanwa hata na mwanafunzi.

Wiki iliyopita tukaenda, mimi na yeye. Amevaa suti, begani amebeba mfuko wa michembe. Gregory tulimkuta kwenye josho anasimamia uogeshaji wa ng'ombe, watu wamejaa. Alituona. Akageuza uso, akaendelea kuhesabu mifugo. Tukasimama pale juani, hakuna kiti, hakuna karibu. Nikajua tumekwisha. Nilitamani niwapigie kelele Mayige na Gregory wote wawili.

Ghafla Gregory akapaza sauti bila kugeuka: "Na huyo wa suti ni wa nani? Mbona hana chapa?"

Watu wote wakamgeukia Mayige. Akatua mfuko, akavua koti, akaenda akajipanga kwenye foleni, nyuma ya dume mmoja mwekundu. Akasema, "Ni wa Mwamanyili, bwana mifugo. Nimekuja kuogeshwa."

Watu walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Gregory akaja anayumba kwa kicheko, akamkagua Mayige masikio, akasema kupe wa huyu wana elimu ya juu, dawa ya serikali haitoshi. Kisha akakaa juu ya ukuta wa josho, akalia kwa sauti kama mtoto. Mayige naye akalia, amesimama palepale nyuma ya dume. Sijawahi kumpenda kaka yangu kama siku ile. Gregory alipomaliza akachukua kipande cha michembe, akatafuna, akatema. "Na hiki mnakiita chakula," akasema. "Jumamosi nakuja. Na mtu asinishike mkono."

Basi, dada, ndiyo habari tuliyotaka uipate. Jumamosi hii, baada ya misa ya asubuhi kigangoni, tutakuja wote kaburini. Mizani imeazimwa, ile kubwa ya pamba, Mayige mwenyewe ameibeba. Sijui Gregory atasema nini juu yako, ila najua hakitachapishwa gazetini.

Na Mama amekaa. Yuko hapa mbele yangu kwenye kigoda tangu tulipokunywa chai, gauni la Kwandu liko mapajani, anashona ule mkono uliochanika ili mtani wake alivae. Hajaangalia barabarani. Uzi umemkatikia sasa hivi, akacheka peke yake.

Wanaokukumbuka ni mama yako Monika, kaka yako Mayige, mimi mdogo wako Domitila, binti yako Lucy, ukoo mzima wa Mwamanyili na Kiloleli, wasikilizaji wako wa Simiyu, na mtani wako Gregory, aliyesema tumwandike wa mwisho kwa kuwa Mzaramo huwa anachelewa.

Daima tutakukumbuka, Valeria, na kuanzia Jumamosi tutakukumbuka kwa kelele. Ukiona kilo hazitoshi, usikubali. Mwambie apime tena.