Alama ya Kalamu kwenye Mguu wa Baba

Nyumba ya kona, chini,
nyuma ya kituo cha zimamoto.
Jumapili, 9 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za huko, na habari za hiyo baridi unayoilalamikia kila ukipiga simu kana kwamba sisi ndio tuliokutumia? Natumaini barua hii inawakuta wote wanne wazima, na yule binti yako wa mwisho ameshaota meno ya mbele ili tuache kumcheka kwenye picha. Mwambie wifi yangu shali aliyonifumia naivaa juu ya sare kazini, na sista mkuu ameshanikataza mara mbili. Sisi huku ni wazima. Mama mzima, mimi mzima, baba mzima. Baba nimemtaja mwisho kwa makusudi, maana barua hii ni yake.

Kwanza kaa chini. Pili, soma mpaka mwisho kabla hujanyanyua simu, kwa sababu nakujua, hasira zako hutangulia miwani. Baba ana miguu yote miwili na leo asubuhi ameshona. Hayo yashike, halafu nisikilize.

Tumekuficha jambo kwa wiki saba. Ulipopiga simu ukamuulizia, tukakwambia amepeleka nguo kwa mteja. Ukapiga tena, amepeleka nguo. Mdogo wangu, baba ni fundi cherehani wa miaka arobaini na hajawahi kumpelekea mtu nguo hata nyumba ya jirani. Wateja ndio humfuata, tena wakija mara ya tatu ndio kwanza anakata kitambaa. Ungeshtuka! Lakini mama alisema una mitihani yako ya kazi, usibabaishwe, na mimi nikakubali upesi kuliko ilivyonipasa, kwa sababu ndani ya jambo hilo kulikuwa na kosa langu ambalo sikutaka ulijue.

Ilikuwa Jumanne, kama saa nne asubuhi. Baba alikuwa anamalizia sare za shule, ghafla pedali ikawa nzito. Akasema mashine imekauka, akaitia mafuta. Pedali bado nzito. Akaitia tena, mpaka mafuta yakachuruzika kwenye sakafu ambayo mama alikuwa ametoka kuipiga deki. Mashine haikuwa na neno. Mguu wake wa kulia ndio uliokufa ganzi, na yeye, kwa ile tabia yake ya kulaumu kila kitu kabla ya kuulaumu mwili wake, alikuwa anaitibu pedali. Mama alipomvua kiatu alikuta mguu umepauka na ni wa baridi kama bomba la maji. Akajaza maji ya moto kwenye chupa, akaifunga taulo, akauwekea.

Mimi siku hiyo nilikuwa mapumziko, ndipo akanipigia. Nilipofika niliitoa ile chupa kwa nguvu hadi mama akaniona sina adabu. Baadaye ndipo nilipomweleza kwamba mguu usiofikiwa na damu hauhisi moto, unaweza kuungua vibaya huku mwenyewe anapiga soga. Mguu wa namna hiyo hauchuliwi, haupashwi moto, wala hauinuliwi juu ya mto. Unakimbizwa hospitali, basi. Nilitafuta mapigo pale juu ya mguu panapofungiwa kamba za viatu. Kimya. Nikatafuta tena. Kimya. Daktari aliyetupokea alisema tuna saa chache tu, zikipita hapo mguu hauokoleki, itabidi ukatwe. Baba alilisikia neno hilo moja, kukatwa, akalibeba moyoni bila kutuambia.

Sista mkuu wa wodi yetu ya moyo na mishipa ni yule mama ninayekusimulia siku zote, tunayemwita Dakika Nzima, kwa kuwa hamruhusu mtu kuhesabu mapigo kwa muda mfupi zaidi ya huo. Ukihesabu sekunde kumi na tano ukazidisha kwa nne, anakurudisha kwa mgonjwa kama mwanafunzi aliyenakili hesabu za mwenzake. Yeye na muuguzi mwingine walimhesabu baba wawili kwa pamoja, macho kwenye saa ileile, mmoja akisikiliza moyo kifuani na mwingine akiwa ameshika kifundo cha mkono. Kifuani, mia moja ishirini na nne. Mkononi, themanini na nane. Yaani mapigo thelathini na sita yalikuwa yanaanza safari na hayafiki. Kipimo cha umeme wa moyo kikathibitisha: moyo wa baba unapiga ovyo, bila mpangilio, na moyo wa hivyo huacha damu itulie pembeni mpaka igande. Donge moja lilikuwa limechomoka humo, likashuka, likaziba mshipa wa mguu.

Sasa kosa langu. Mwaka mzima, kila Jumapili, nilikuwa namhesabu baba mapigo pale sebuleni. Sekunde kumi na tano, mara nne, huku sikio moja liko kwa mama anayesimulia ya jirani. Na kila Jumapili namba ilikuwa nzuri. Mimi, ambaye wanafunzi wa uuguzi wananiogopa kwa jambo hilohilo! Nikiwa nyumbani nilikuwa binti wa mtu, nikajipa ruhusa ya uvivu. Nilimwambia Dakika Nzima huku nalia kwenye chumba cha dawa. Hakunibembeleza. Alinipa kipande cha shashi, akasema nikimaliza nikakae na baba yangu kama mtoto wake, uuguzi niwaachie wao.

Walimpasua kidogo kwenye kinena, wakalivuta lile donge, na saa nane mchana alirudi wodini mguu umeanza kupata rangi yake. Hapo ndipo kazi yetu huanza, mdogo wangu, ile isiyoonekana. Kila saa muuguzi anatazama rangi, anashika kuona kama una joto, anamwambia atikise vidole, anampitishia pamba na kumuuliza kama anahisi, anatafuta mapigo, kisha anarudia yote kwenye mguu wa pili ili alinganishe. Mapigo ya baba yalikuwa hafifu, ya kutafutwa kwa subira. Walipoyapata wakachora msalaba mdogo kwa kalamu ya wino mweusi, ili wa zamu inayofuata ajue pa kuweka kidole. Ndivyo tunavyofanya kwa kila mgonjwa wa mishipa.

Na hapo ndipo mzee wako alipotuletea kizaazaa.

Kesho yake asubuhi zamu zilipopokezana, alama haikuwepo. Muuguzi mpya akatafuta mapigo, hakupata. Akamwita mwenzake, naye hakupata, maana mguu ulikuwa umevimba kidogo. Kile kifaa cha kusikilizia damu kilikuwa kimeazimwa na wodi ya jirani. Wakafanya inavyotakiwa: wakampigia daktari wa upasuaji, chumba cha upasuaji kikaanza kuandaliwa, baba akazuiwa hata chai. Mimi nikaingia na chupa yangu ya chai nikakosa pa kuiweka. Baba anatazama ukuta. Niliugusa mguu, una joto. Nikamwambia atikise vidole, akavitikisa bila kunitazama. Nikashindwa kuelewa. Ndipo nikaona kidole gumba cha mkono wake, cheusi kwa wino, na beseni la kunawia uso lina maji ya kijivu.

"Baba, alama iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Umeifuta kwa nini?"

"Mwanangu, mimi nimepiga alama maisha yangu yote. Palipo na alama ndipo mkasi unapopita. Sasa nyinyi mnanijia na uso wa upole mnanipigia alama mguuni, mnadhani mimi mtoto? Niambieni tu kwamba mnakata."

Nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Kumbe alikuwa amelala na hofu hiyo usiku kucha, peke yake, wauguzi wanakuja kila saa kuigusa ile alama naye anaona wanakagua kipimo. Kulipokucha akaomba maji ya kunawa uso, akausugua mguu.

Dakika Nzima alifika na kifaa mkononi, amekifuata mwenyewe wodi ya jirani. Alikuwa amesikia maneno ya mwisho. Akapaka jeli, akasogeza kile kifaa polepole, huku, kule, mimi nimebana pumzi. Ikasikika: fwu, fwu-fwu, fwu. Ovyoovyo, lakini ipo.

"Mzee, unasikia? Hiyo ni damu yako inapita," akamwambia. "Sisi hatupigi alama pa kukata. Hapo ni pa kuweka kidole."

Baba alisikiliza muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono. "Haya, nipe kalamu. Ule msalaba wenu ulikuwa umepinda." Akainama, akauchora mwenyewe, umenyooka kama wa kushonea mfuko. Daktari wa upasuaji alipofika alisikiliza, akatikisa kichwa, akaagiza mzee apewe chai.

Siku ile Dakika Nzima alitukusanya sote. Alisema tumekuwa tukichora miguu ya watu miaka yote hii na hakuna aliyekumbuka kuwaeleza wenye miguu. Sasa ni utaratibu wa wodi: kabla kalamu haijagusa ngozi, mgonjwa anaambiwa alama ni ya nini na anawekewa kidole chake mwenyewe pale, kama anaweza kufika. Wengine hukataa kukiondoa.

Alikaa wodini siku tisa, akapunguza suruali za wauguzi wawili akiwa kitandani. Nyumbani ametulia, ila vita havikosekani. Anameza dawa ya kupunguza kasi ya moyo na ile ya kuzuia damu isigande, na hii ya pili ina masharti, maana jeraha dogo tu hutoa damu muda mrefu. Kwa fundi anayejidunga sindano kila siku, hiyo ni habari. Nimemnunulia kastabini mbili, ile kofia ya chuma ya kidole ambayo miaka yote alisema ni ya wanagenzi. Alizivaa zote mbili, akamwonyesha mama vidole, akasema ameajiriwa jeshini. Dawa ameandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, jina lake, chini yake saa ya kumeza, na akimeza anapiga mstari. Hajaruka siku hata moja.

Leo ndiyo mara ya kwanza amekaa kwenye cherehani. Tulimhesabu kwanza kwa dakika nzima, mimi kifuani na mama mkononi, nimeshamfundisha. Sabini na sita, sabini na nne. Mawili bado yanapotelea njiani, ila Dakika Nzima anasema hayo tumsamehe. Kisha baba akavua kiatu, akachora msalaba kwa chaki yake ya kazi, akaniambia niweke kidole. Nikakiweka. Yapo. Akavaa kiatu, akakanyaga pedali, na mama akaenda jikoni ghafla eti anaangalia maji.

Umeona nilivyozunguka? Nilitaka uyajue hayo kwa mpangilio kabla sijafika hapa. Kwenye barua yako ya mwezi uliopita uliandika, kwa mstari mmoja, kwamba ukipanda ngazi za ofisini moyo unarukaruka kama una haraka zake, ukasema ni kahawa, ukacheka. Mimi muuguzi niliusoma nikaupita. Baba ndiye aliyeurudia. Aliusoma kwa sauti mara mbili, akakunja barua, akaenda kutafuta kitambaa. Yawezekana ni kahawa kweli. Lakini nenda ukapimwe umeme wa moyo wiki hii, na umwambie daktari kuhusu baba. Likikutwa mapema ni jambo la dawa na daftari tu.

Ndani ya kifurushi hiki kuna shati. Alilianza kwa vipimo vyako vya zamani, nikamwambia umenenepa, akaongeza inchi mbili bila kubishana. Geuza pindo la mkono wa kushoto, utazame kwa ndani, upande wa kidole gumba. Kuna msalaba mdogo wa uzi mwekundu. Alikuwa ameupiga kwa chaki, akaona utafutika njiani, akaushona. Ukilivaa, hapo ndipo pa kuweka vidole viwili. Hesabu, uandike, ututumie.

Nisamehe kwa ule mwaka mzima wa sekunde kumi na tano, na kwa zile nguo zilizopelekwa. Msalimie sana wifi, watoto wabusu wote, na yule shemeji yako anayependa siasa mwambie bado namdai jibu. Mama anakupa pole ya baridi na kukuombea. Mungu akulinde ngazini na kila unapopita.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia.

Baba ameisoma barua yote, amesema nimeongeza chumvi kwenye habari ya mafuta, na anaandika hapa kwa mkono wake:

Mwanangu, dakika nzima. Usizidishe kwa nne. Baba.