Nimebaki na Mke Mmoja kwenye Karatasi

Alhamisi, Kyebando. Mvua tangu alfajiri. Nimefungiwa ndani na kompyuta, na mke aliyenuna.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini lori nimeliendesha kutoka hapa mpaka Goma bila ramani, na hakuna aliyenipita. Kwa hiyo mkwe wangu Musa, mume wa binti yangu Sauda, aliponiletea programu ya kuandika ukoo nilimwambia aiweke tu, aende zake. Majina yote nimeandika mwenyewe, kwa kidole kimoja.

Jumapili ukoo unakuja kumsomea marehemu baba khitma, na karatasi ya majina itabandikwa ukutani. Juzi niliichapisha dukani Kamwokya. Mama Sauda, mke wangu wa pili, akaitazama sana.

"Baba mkwe ana wake watatu hapa. Shemeji ana wawili. Wewe una marehemu Mama Hamisi peke yake. Mimi na Sauda wangu tuko wapi, mzee?"

"Ni Musa huyo," nikasema. Neno limetoka lenyewe.

"Musa amfute mke wake mwenyewe? Basi asikanyage hapa Jumapili. Na mimi naenda kwa dada yangu Naguru. Mgeni hapikii watu khitma."

Jana kutwa nilihangaika na mpangilio wa jumla, ule unaotawala ukoo mzima. Umeandikwa: onyesha wake wote. Nikauzima, nikauwasha. Wanaume wote wa ukoo huu wakapata tena wake zao, hata wale waliokufa zamani.

Mimi tu hapana.

Leo nimegundua. Kwenye ukurasa wangu kuna kisanduku kidogo: mtu huyu ana mpangilio wake. Na huo wa mtu mmoja unaushinda ule wa wote. Umesema: mke wa kwanza tu.

Ni mimi niliubonyeza.

Wiki ile ya kwanza nilikuwa naandika habari za Mama Hamisi, majina yamejaa, nikataka nimwone yeye peke yake kidogo. Nikamwona. Halafu nikasahau kurudisha.

Nimeshaondoa alama. Mama Sauda ametokea, na Sauda chini yake. Kazi ya kubonyeza mara moja, na mtu mwingine asingeiweza.

Lakini nikipeleka karatasi mpya kimya kimya, atasema Musa ameogopa akarekebisha, na mkwe wangu atabaki mwizi wa majina ya watu. Nikisema ukweli, ataniuliza kwa nini nilitaka kukaa na marehemu peke yetu.

Namsikia chumba cha pili anakunja nguo. Mfuko wa kwenda nao Naguru ameshautoa.

Nikimfuata, nianze na habari ya Musa, au ya marehemu? Nilijiambia nikimaliza kuandika hapa nitainuka. Nimeshamaliza, na bado nimekaa.