Kona Niliyoichora

Heru Juu, Jumanne jioni

Na bado wanautumia mchoro wangu wa zamani wa reli. Binti yangu Neema, mhandisi wa reli Dar, amekuja kuniaga. Alikunjua mpango wa kupanua reli ya treni ya mjini juu ya miguu yangu isiyotembea.

"Baba, mbona hapa uliipinda reli? Nikiinyoosha, kuna nyumba itapona."

"Ukiinyoosha utaingia kwenye tope," nikamjibu.

Hakuna tope. Kona ile niliipitisha sebuleni kwa Zakaria, mpimaji mwenzangu, aliyekuwa akiigiza Kiswahili changu chenye lafudhi ya Kiha ofisi nzima icheke. Nyumba yake ikapigwa X nyekundu, ikavunjwa, na reli yenyewe wakati ule haikujengwa. Zakaria alifia kwenye chumba cha kupanga. Msibani nilikula wali, nikaomba kuongezewa.

Wanawe wamerudi kujenga palepale. Na Neema ameniamini. Ameandika "tope" kwenye ramani kwa wino.

Kesho alfajiri anapanda basi. Sasa yuko chumba cha pili anakunja nguo, nikimwita atasikia.

Sitamwita. Nina siku chache, na nataka anizike akiwa bado ananipenda.