Neno la Nyuma ya Pazia

Kwako dada yangu, uliyenitangulia tumboni mwa mama na kunitangulia kwa busara,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma kama cherehani isiyotiwa mafuta? Sisi huku tu wazima wa mwili, na duka la ushonaji la marehemu baba bado limesimama. Ila moyo wangu unachemka, dada, na sufuria ikichemka sana hurusha kifuniko.

Unamjua binti yangu. Sijisifu, maana hata nikinyamaza watu watasema. Basi ameunda programu ya kompyuta kwa ajili ya mafundi cherehani. Unaiandikia vipimo vya mteja, nayo inakuchorea vipande vya kukata. Mimi niliyeishia shule ya msingi nimekata nayo gauni la bibi harusi, na halikuvuta popote! Na haiuzi. Ni programu huria: kila mtu aichukue bure, na akitaka aifumue, aone ilivyoshonwa ndani, aishone upya apendavyo. Nilimwambia wenzake wangejenga ghorofa kwa akili hiyo. Akacheka, akaniuliza babu yake alimfundisha kazi kila aliyemwomba, je, alimtoza nani?

Sasa sikia. Aliweka ukurasa mtandaoni wa kuitangaza. Akatokea mtu anayejiita Mkasi, akaandika hadharani, mbele ya mafundi wale wale tuliotarajia waijaribu, kwamba ukurasa ule ni aibu. Eti umeanza na hotuba ya leseni na uhuru, fundi anasoma hadi macho yanamtoka bila kuambiwa kwamba kitu chenyewe kinachora nguo. Eti hakuna picha hata moja ya gauni. Eti aliyeuandika hajawahi kuona mteja. Hajawahi kuona mteja! Mtoto aliyelelewa chini ya meza ya kukatia, amelalia mabaki ya vitambaa! Wengine wakacheka, wakaongeza chumvi. Hivi dada, mtu akikupa shuka bure, unasimama sokoni kutangaza kwamba pindo limepinda?

Binti yangu amekata tamaa. Ameuondoa ukurasa, na Jumapili ataiondoa programu yenyewe. Anasema asiyejua kukaribisha wageni afunge mlango. Chakula anakizungusha tu kwenye sahani. Mafundi walioanza kuitumia wananipigia simu wakiuliza kulikoni.

Nikaapa kumjibu huyo Mkasi mwenyewe, nimkatekate hadi abaki uzi. Nikavaa miwani, nikasoma maneno yake yote. Mwishoni alikuwa ameandika hivi: "Onyesha shingo kwanza, mteja ajue pa kuingilia."

Dada, nilivua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Neno hilo ni la baba, alilisema kila tulipomletea mteja nguo imekunjwa ovyo. Nje ya ukoo wetu sijalisikia. Wewe mtandao huujui, na binti yangu hawezi kujitukana mwenyewe. Akabaki mmoja.

Ni mwanao, dada. Nilimpigia, hakukana. Alisema, mama mdogo, sikujua ni yake, hakuweka jina; lakini nilichosema ni kweli.

Na ni kweli. Nakuambia wewe tu: ukurasa ule ulikuwa gauni lisiloonyeshwa shingo. Lakini je, umesahau baba alivyotukosoa? Hakutubakizia kasoro hata moja. Ila kwanza alituita nyuma ya pazia la kujaribia nguo, mteja asisikie. Tulitoka mshono umenyooka na nyuso zetu nzima. Mwanao amerithi neno, akaliacha pazia.

Binti yangu hajui bado. Mlete mwanao Jumamosi, kabla programu haijaondolewa. Sitaki machozi wala zawadi ya kuombea radhi. Pazia bado lipo, nimelifua na kulitundika. Waingie humo wawili, amwambie yote, hata mara mbili, kisha watoke wakaandike ukurasa mpya pamoja. Mimi nitakaa nje nikikanyaga cherehani kwa nguvu zote, nisisikie hata neno.

Msalimie shemeji, mwambie mafuta ya cherehani ninayo. Goti lako ulipumzishe, ila mtoto umlete.

Ni mimi mdogo wako,
Mama wa fundi wa mafundi