Ndege Amekaa, Ndege Imekaa

Kangemi, Nairobi
Jumatatu

Baba yangu, Mwalimu,

Nakusalimu nikitumaini goti lako limekuachia upumue na kwamba kikohozi cha Mama kimeisha. Mvua imefika huko Mwingi, au bado mnatazama mawingu yakipita? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujashuka tangu jana, na nimeona nikuandikie kabla sijauzoea huu woga. Tafadhali isome kwanza peke yako. Mama msomee zile salamu za mwisho tu.

Unajua kazi yangu ni jikoni, kwenye ile klabu ya watu wanaorusha ndege ndogo kwa kujifurahisha. Nilipoanza, kila Jumamosi nilikaanga sambusa mpaka nguo zangu zikanuka mafuta wiki nzima. Familia zilikuja na watoto na mikeka, wakalala kwenye nyasi kutazama. Siku hizi birika moja la chai linatosha wikendi yote. Mafuta ya ndege yamepanda bei, marubani wetu wamezeeka au wamezikwa, na watoto wao hawataki hata kusikia. Nyumba mpya zinazosogea kutoka upande wa Kitisuru zimejaa watu wanaolalamikia kelele. Ndege zilizobaki zimefunikwa turubai, na ndege wamejenga viota ndani ya injini. Hapo ngeli nimezipatanisha vizuri, sivyo? Uwanja wenyewe umeuzwa. Jumapili ijayo ndiyo ya mwisho, kisha wanaanza kujenga magorofa.

Mwanachama mmoja tu ndiye hajawahi kukosa, Mzee Gathogo wa Loresho, mwenye nyumba za kupangisha. Kiti cha pili cha ndege yake kilikuwa cha mkewe mpaka alipofariki. Tangu moyo wa Mzee uanze kumsumbua, klabu imemkataza kupaa peke yake, na marafiki zake wote wana visingizio. Basi jana akaja jikoni na suti yake ya kanisani, akasimama mlangoni.

"Mwikali, uko na kazi mingi?"

"Hapana, Mzee. Ni chai tu."

"Basi zima stovu twende. Nikizimia huko juu, utanimwagia maji."

Ndiyo mizaha yake hiyo. Nilicheka, nikavua aproni, na nilipokuwa nafungwa mkanda ndipo nikakumbuka kwamba hakuna aliyeniuliza kama naogopa.

Baba, mimi naogopa hata ngazi ya ghala lako. Kule juu kiti kilitetemeka, na mlango ulifungwa kwa kitasa kidogo kama cha kabati la vyombo. Nikaona mabati ya Kangemi na miti ya Loresho vikiwa chini ya viatu vyangu. Kila mara nilimwangalia Mzee kuona kama bado anapumua. Yeye alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, tena kwa raha zake.

Shida ilianza tukirudi. Jua la jioni lilitupiga usoni, kioo kilijaa vumbi, na mbele hatukuona kitu ila mwanga. Zamani palikuwa na mtu wa kutazama njia ya kutua na kusema na marubani kwa redio. Aliachishwa kazi, na redio akapewa Njoro, mlinzi wa geti.

"Mzee, kuna ndege imekaa katikati ya njia," Njoro akasema.

"Ni korongo," Mzee akaniambia. "Itaruka ikisikia injini."

Kweli korongo wa jalalani hukaa pale kila siku, na kila siku Njoro husema vivyo hivyo. Huku Nairobi mbwa imelala, mtoto imelia, ndege imekaa. Mimi mwenyewe huongea hivyo, usinikasirikie. Lakini pale juu nikasikia sauti yako ya darasa la nne, ukigonga ubao: ndege yupi, ndege ipi? Nikamwomba Mzee kile chombo cha kusemea.

"Njoro, ni ndege gani?"

"Ndege tu. Ndege si ni ndege?"

"Iko na mabawa?" Swali la kipumbavu, najua.

"Iko nayo. Mbili."

"Inafanya nini?"

"Imekaa tu. Imeinama upande moja, ni kama mguu imeumia."

"Unasikia?" Mzee akasema. "Ni mgonjwa. Itajitoa tu."

Seng'enge ya uwanja ikapita chini yetu.

"Njoro, iko na mtu ndani?"

"Wako wawili. Wananipungia mkono."

Mzee akavuta usukani kwa nguvu. Injini ilinguruma, pua ikainuka, na mgongo wangu ukabanwa kitini. Chini yangu nikaona bawa jeupe, na mwanamke amejikunja, mikono kichwani. Niliona mistari ya sweta yake, Baba. Ilikuwa ndege ya daktari wa meno wa Muthangari, na huyo mkewe. Redio yao ilikuwa imekufa, wakatua bila kumwambia mtu, gurudumu likapasuka.

Tulizunguka mpaka wakaisukuma kando. Tulipotua nilishindwa kufungua mkanda. Mzee akajaribu kunisaidia, naye akashindwa. Tukakaa tu. Kisha akasema, "Jumapili ndiyo ya mwisho. Na sina mtu mwingine."

Nikamwambia sawa. Sijui ni nani aliyesema kwa mdomo wangu. Tangu hapo birika likianza kunguruma, nashika meza.

Leo asubuhi nilikwenda getini nikamfundisha Njoro kama ulivyotufundisha sisi. Korongo ni amekaa. Ya Mzee ni imekaa. Alicheka mpaka akaegemea geti.

"Sasa Mwikali, unataka niongee kama wa taarifa ya habari?"

Lakini nilipompelekea chai mchana nilimkuta akinong'ona peke yake huku akinyoosha kidole, mara amekaa, mara imekaa. Bado anakosea.

Najua utataka kunikataza. Nakuomba usinikataze. Naogopa vya kutosha bila neno lako.

Mpe Mama mkono, umwambie ile shuka aliyonishonea ndiyo najifunika. Msalimu shangazi wa kuku, na mjomba fundi wa baiskeli, na dada yangu mzazi pamoja na kichanga chake ambacho sijakiona.

Barua hii nirudishie na wino wako mwekundu kama kawaida. Ila Jumapili mkitoka kanisani, makosa yangu yaache kwanza. Njoro akisema kuna ndege katikati ya njia, mimi nitasikiliza herufi moja tu. Niombee iwe a.

Binti yako anayekutegemea,
Mwikali