Kinyozi Mikononi mwa Roboti

Jumatatu, 4 Machi
Leo hospitalini nimekutana na roboti. Nilitegemea macho na miguu — kumbe ni mkono wa chuma tu, umefungwa mezani mbele ya skrini. Mkono wangu wa kulia, ulionyoa mameneja na mabwana harusi, tangu kiharusi umelala kama samaki sokoni. (Naandika kwa kushoto. Kuku angeandika vizuri zaidi.) Dada wa mazoezi akaufunga kwenye chuma, akaniambia nichume machungwa ya kwenye skrini. Nikisukuma kidogo, roboti inamalizia. Nikizubaa, inasubiri. Ina adabu kuliko wateja wangu wengi!

Alhamisi, 7 Machi
Nimechuma shamba zima! Nikajisifu hadi mgonjwa wa pembeni akaomba utulivu. Dada wa mazoezi akacheka: mzee, anayechuma ni bega na kiuno, mkono umeupa likizo. Akanifunga mkanda kifuani kama mtoto kwenye gari, akaiambia roboti ipunguze msaada. Machungwa yote chini. Aibu tupu.

Jumanne, 19 Machi
Vidole vimefunguka! Vyenyewe! Roboti imeachia, vikafumba tena, chungwa la kwenye skrini halikuanguka. Macho yalilowa. Nimesema ni jasho.

Nyumbani nimekuta mambo. Shemeji, kaka wa mke wangu, kapata fundi simu anayetaka kukodi kibanda changu cha kunyolea. Kiti kitolewe. Shemeji mwenyewe atakuja kuchukua funguo Jumamosi. Anasema nikubali tu, mkono ndio basi tena. Nimemjibu maneno yasiyoandikika.

Jumamosi, 23 Machi
Shemeji kaja kibandani. Nikaanza hotuba ya machungwa. Kanikatiza, kakaa kitini.

"Maneno ya nini, shemeji? Ninyoe. Ukimaliza kichwa hiki, fundi simu namfukuza mwenyewe."

Mke wangu katoka nje, hataki kuona. Nikawasha mashine. Mkono ukajivuta, halafu ukashika njia. Kisogo — safi. Upande mmoja — safi, hata ningekuwa mzima nisingeuzidi! Kisha vidole vikagoma. Nimeweka mashine chini, naandika huku navisubiri.

Nimemwambia nimwite mke wangu, dada yake, amalizie. Kakataa. Kakaa na nusu kichwa, kitambaa shingoni, anasoma gazeti la juzi. Simu yake inaita. Ni fundi simu. Kaitazama, kaifunika na gazeti.

"Pumzika, shemeji," anasema. "Kwa kichwa hiki, mimi nitaenda wapi?"

Kidole gumba kimeanza kucheza.