Sauti ya Babu na Watu wa Kaseti

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Shule zilifungwa jana. Naanza kuandika leo na nitaandika yote, hata yale ambayo kesho nitatamani nisingeyaandika. Mwalimu wetu wa Kiswahili husema anayejiandikia mwenyewe hana sababu ya kudanganya. Haya, tuone.

La kwanza: albamu imetoka! Inaitwa Chumvi Haiozi. Nyimbo tisa za bendi ya Kutu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kimya. Na mwimbaji wa Kutu ni Jefwa, babu yangu mzaa mama, huyu huyu anayekoroma chumba cha mbele na soksi miguuni.

Kutu walikuwa wanne, wote watu wa bandarini na wa reli. Walipiga roki kwa Kiswahili wakati kila harusi ya mji huu ilitaka ngoma ya chakacha. Wakagombana, wakavunjika, kabla mimi sijazaliwa. Sasa wamerudi. Wiki mbili kutoka leo watapiga hadharani, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa letu hapa Ganjoni, Mombasa. Babu anajifanya hajali. Lakini nimemwona akipeleka suruali nyeusi kwa fundi ipunguzwe kiuno!

Mimi nimeisikiliza albamu mara nne. Ni nzuri. Siandiki hivyo kwa sababu ni Babu. Au labda ndiyo sababu—lakini ni nzuri.

Jumapili, 3 Agosti

Nina hasira.

Baada ya ibada nilikwenda Majengo, mbele ya duka la Mzee Huzaifa. Siku hizi anatengeneza simu, lakini zamani ndiye aliyekuwa akinakili na kuuza kaseti za Kutu, yeye peke yake Mombasa nzima. Mashabiki hukutana kibarazani pake kila Jumapili. Hujiita Watu wa Kaseti. Wana sharti moja: kaseti kwanza, maneno baadaye. Wimbo ukiwa unalia hakuna ruhusa ya kufungua mdomo.

Wakacheza wimbo wa "Zamu ya Pili" wa kaseti, ile ya mwaka wa themanini na tisa. Kisha "Zamu ya Pili" ya albamu mpya, kwa simu. Halafu midomo ikafunguliwa!

Elvis, karani wa bandarini mwenye tumbo, akaanza. Hii si zamu ya pili, akasema, hii ni zamu ya kustaafu. Watu wakacheka mpaka wakapigana makofi ya mgongo.

"Jefwa wa zamani alikuwa akipasua anga," akasema Mejumaa, mama anayeuza viazi vya karai hapo kando. "Huyu wa sasa anatembea na fimbo."

Mzee Huzaifa akainua kidole, wote wakanyamaza. "Wameshusha," akasema. "Wameushusha wimbo na wamepunguza mwendo ili mzee apate pumzi. Mwenye sikio na asikie. Huko ni kutudanganya, jamani."

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga kusikiliza tu, wallahi. Nikasema hakushusha chochote.

"Na wewe nani, bibi mdogo?"

"Eddah. Mjukuu wake."

Nilidhani wataona haya. Elvis akasema, "Basi mpelekee tangawizi."

Sitasahau.

Jumanne, 5 Agosti

Babu amejua. Kuna mtu amemtumia maneno yote, yamerekodiwa kwa sauti ya Elvis mwenyewe, pamoja na vicheko. Alisikiliza akiwa mezani. Akasukuma sahani.

"Sijashusha kitu," akamwambia Mama. "Ule wimbo ulikuwa kwenye noti ya A, na leo ni A. Ngowa gitaa lake halijabadilika, na Wekesa anapiga dramu kama saa ya stesheni. Nishushe nini?"

Mama akasema watu wana midomo, aachane nao. Babu akajibu kwamba ataachana nao kabisa. Jumamosi ile haendi. "Waiweke kaseti yao jukwaani waipigie makofi."

Nimeahidi kuandika yote, kwa hiyo na hili naliandika: sikumwamini sana. Nimesikia kwa masikio yangu. Ya kaseti iko juu, tena ina mbio. Ya sasa iko chini. Nilifikiri labda mtu akizeeka anasahau alikuwa wapi.

Lakini hata kama ameshusha, je? Ana miaka sabini na moja! Kwani ni dhambi?

Ijumaa, 8 Agosti

NIMEPATA. Tulia, Eddah. Andika kwa mpangilio.

Nilikwenda kwa Mejumaa kuomba kaseti yake. Nilitegemea matusi. Akanipa, na redio yake ya kaseti juu. "Ukiikata tepu, nami nakukata masikio," akasema.

Nikaenda kanisani, maana ninapigia kwaya kinanda na ninaaminiwa ufunguo wa mlango. Nikacheza kaseti, nikatafuta noti zake. Hazipo! Wimbo uko juu ya A, lakini haufiki noti inayofuata. Umeanguka katikati, kwenye upenyo wa vibonye viwili. Hakuna bendi inayofunga gitaa zake kwenye upenyo.

Nikadhani ni redio. Nikaweka kaseti ya zamani ya kwaya yetu, ile iliyonunuliwa dukani Nairobi. Ikakaa sawasawa na kinanda. Basi redio haina kosa.

Nikacheza albamu mpya. A. Safi kama maji.

Nikakimbia kwa Mzee Wekesa, mpiga dramu. Yeye anakaa nyuma ya shule ya msingi, goti lake halimpeleki mbali. Nikamweleza. Akakuna kidevu, kisha akaanza kucheka peke yake. Akasema mashine ya Huzaifa ya kunakilia ilikuwa na mkanda wa mpira uliolegea, akaufunga kwa uzi, na ikizunguka unaona kabisa inajikokota. Nikafikiri kidogo. Mashine inayorekodi polepole, kaseti yake ukiitia kwenye redio nzima itakwenda mbio, na sauti itapanda. Kila kaseti ya Kutu katika mji huu ilipita kwenye uzi ule!

Kwa nini hawakusema? Kila redio ya siku zile ilikuwa na mwendo wake, akasema, walilaumu redio. Na Babu? "Babu yako hajapata kuisikiliza kaseti yake hata siku moja. Alikuwa akisema mpishi hali harusini."

Kwa hiyo Babu ni mkweli. Wao ndio hawajui wimbo. Jumapili nakwenda!

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda.

Niliazima kinanda kidogo cha kwaya, kile cha betri. Nikawasalimu wote vizuri, mmoja mmoja, kama nilivyofunzwa. Nikamrudishia Mejumaa redio na kaseti. Kisha nikaeleza, nikapiga, nikacheza kaseti, nikapiga tena. Kaseti ya kwaya pia. Sikupandisha sauti. Na nikasema ni mashine gani na ya nani.

Wakasikiliza mpaka mwisho. Walifuata sharti lao, nawasifu kwa hilo.

Kisha Elvis: "Subiri. Yaani miaka yote hii mimi nilikuwa shabiki mkubwa wa uzi wa Huzaifa?" Kicheko kikubwa kuliko cha wiki jana. Ila Mzee Huzaifa hakucheka. Alitazama mikono yake. Akaingia dukani, akafunga dirisha.

Nilifikiri sasa watasema, tumemkosea mzee wa watu. Hawakusema. Mejumaa akajifuta mafuta mikononi na kunitazama moja kwa moja.

"Mwanangu, maneno yako yana ukweli na sibishi. Lakini mimi nimelea watoto watatu na wimbo ule ukipaa vile vile. Na nilipofiwa, wimbo ule ulikuwa nami. Leo uje na kinanda uniambie haukuwa hivyo? Ulikuwa hivyo. Nilikuwepo."

Mwingine akadakia, basi Jefwa aimbe kama kaseti, apandishe, yaishe.

Nikabeba kinanda. Nimeshinda, nilijiambia njia nzima. Nimeshinda!

Nikamsimulia Babu kila kitu, nikiruka-ruka. Akauliza swali moja tu: kaseti iko juu kiasi gani? Nikamchezea, kwa simu, kipande nilichorekodi. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Alisikiliza na kichwa kimeinama.

"Kijana mzuri huyo," akasema. "Lakini si mimi."

Halafu: "Kumbe hawakupata kunisikia."

Akaenda kulala, na jua bado lipo.

Mama naye kanigombeza jikoni. Si kwa kusema ukweli, alisema, bali kwa kumsema Mzee Huzaifa, mtu mzima, mlangoni pake, mbele ya wateja wake. Ningemwita kando. Nikajibu kwamba wao hawakumwita Babu kando. Mama akaendelea kukuna nazi.

Jumatano, 13 Agosti

Nilikwenda Majengo kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno: samahani kwa kukuaibisha, Mzee, si kwa nilichosema. Nikayasema hivyo hivyo. Sikupunguza.

Mzee Huzaifa alikuwa amefungua simu ya mtu, amevaa miwani mbili. Hakunikaribisha kuketi. Akasema, "Umesikika." Baadaye akauliza, "Atakuja Jumamosi?"

"Amekataa."

"Mwambie sisi tutakuja."

"Hata kama hana sauti?"

Akavua miwani moja. "Nani kasema hana sauti? Tulisema ameshusha."

"Hajashusha!"

"Ndiyo, binti. Tumeshasikia. Mtaa mzima umeshasikia."

Nikacheka kabla sijajizuia. Yeye alibana midomo, lakini masharubu yakamsaliti.

Nikampelekea Babu ujumbe. Akasema watakuja kulinganisha, wala si kusikiliza. Watu wakishalizoea jambo, akasema, mwenye jambo ndiye anayeonekana mwongo.

Nimewaza sana hilo. Je, ningenyamaza, angekwenda? Angekwenda akiwa na hasira, na angeimba kwa hasira. Mimi nimeichukua hasira yake nikampa huzuni. Lakini sijutii kujua. Sitaki kujuta. Sauti ya kweli ni ile ya A, na kama watu wote wa Majengo na Marikiti watabisha, nitabaki peke yangu na kinanda cha betri.

Ijumaa, 15 Agosti

Suruali imerudi kutoka kwa fundi. Iko kwenye kiti. Hajaigusa.

Mzee Wekesa alikuja, kwa tuk-tuk, kwa sababu ya goti. Walifokeana dakika nyingi, mara Kiswahili, mara maneno ya bandarini nisiyoyajua. Akitoka, akageuka mlangoni: "Sisi tutapiga. Kipaza sauti chako kitasimama pale mbele. Simpi mtu mwingine."

Babu: "Kisimame. Hakina miguu ya kuchoka."

Jumamosi, 16 Agosti

Niko ukumbini, nimekaa kwenye ngazi ya pembeni mwa jukwaa, naandika juu ya goti. Ni baada ya alasiri. Watu wamejaa hadi madirishani! Wengi ni wa umri wa Mama na zaidi. Wamekuja na fulana za zamani zinazowabana. Watu wa Kaseti wamekaa safu mbili nzima. Mejumaa amevaa leso mpya. Mzee Huzaifa yuko nyuma kabisa, amesimama, ingawa viti vipo.

Babu yuko nyumbani. Nilipotoka alikuwa dirishani, hajavaa.

Wamepiga nyimbo mbili bila mwimbaji. Makofi ya adabu. Kipaza sauti kimesimama pale mbele peke yake, na kila mtu anakitazama kana kwamba kitasema.

Sasa Ngowa ameanza ile mipigo ya gitaa. "Zamu ya Pili". Katika A.

Wanapiga utangulizi. Wanaurudia. Hakuna anayeimba.

Elvis amesimama juu ya kiti! Ameanza, "Mama funika chakula, zamu haijaisha"—juu, kule kule kwa kaseti. Sauti imekatika kama kamba. Watu wanacheka, naye anacheka. Ameanza tena, juu vile vile. Imekatika tena.

Mejumaa amemvuta shati, keti we. Amesimama yeye. Ameanza chini. Hakutafuta, ameanza tu pale gitaa lilipo, na mwendo wa Wekesa umempokea. Safu yake imemfuata. Sasa nyuma. Sasa ukumbi.

Sauti zao ni nzito. Ni wengi mno. Wana miaka hamsini na sitini, hakuna anayeweza kupaa, na hakuna anayejaribu. Mzee Huzaifa midomo yake inacheza. Wanaimba mahali alipo Babu. Hasa hapo. Laiti angesikia!

Kiitikio kimeisha. Mzee Wekesa hajamaliza wimbo. Amewarudisha mwanzo. Ananitazama mimi, jasho linamdondoka, na kwa kijiti kimoja ameonyesha kipaza sauti, kisha mlango.

Siwezi kwenda, umati umeziba njia. Nina simu ya Mama. Nimempigia Babu, amepokea. Nimeinyosha simu juu, kuelekea watu, mpaka mkono umeniuma. Nimeirudisha sikioni. Bado yupo. Namsikia anapumua.

Kelele ni nyingi, hatanisikia nikisema. Nimekata na nimemwandikia, naandika na hapa ili nijue nimeandika nini:

Babu, hao si kaseti. Goti la Mzee Wekesa litampa mizunguko mitatu mingine, si zaidi. Nimwambie aendelee kupiga mpaka ufike?